Binti tunamchunga, kijana nilimpa mlango wake. Sasa nimekuta dawa chini ya godoro

Fundi wa Mwaloni:

Habari zenu wazazi wenzangu, na vijana mliomo humu. Mimi ni fundi wa enjini za mitumbwi, naishi Igombe, Ilemela, hapa Mwanza. Nina miaka 46 na watoto watatu: kijana wa miaka 17 yuko kidato cha tatu, binti wa miaka 13, na mdogo wa miaka 6. Mke wangu ananunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuanika. Naandika usiku nikiwa nimetoka kufunga karakana. Jambo lenyewe lina siku tisa sasa na halijanitoka kichwani.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa nimejilaza uani baada ya kula. Nikamsikia kijana wangu nyuma ya choo anakojoa kwa vipande vipande. Kidogo, kimya, kidogo tena, kimya, na katikati anavuta pumzi kwa meno kama mtu aliyekanyaga msumari. Nilijua hapo hapo. Mwanamume aliyewahi kuishi kambi za wavuvi visiwani anaijua sauti ile. Aliposhuka ziwani kuoga niliingia chumbani kwake, na tangu nimjengee sikuwahi kuingia humo. Chini ya godoro kulikuwa na kikaratasi cha nailoni kimefungwa fundo, ndani yake rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki. Zimebaki sita.

Hicho chumba nataka niwaeleze, maana ndicho kinachoniuma. Kwetu Wasukuma kijana akishaanza kuvunja sauti halali tena nyumba moja na mama yake na dada zake. Mwaka juzi nikamjengea chake pembeni ya uwanja, matofali ya kuchoma, mabati manane, mlango unaangalia njia. Nilijisikia baba kweli siku ile. Dada yake analala chumba kinachopakana na chetu. Mama yake anazijua tarehe zake, anahesabu pedi zilizobaki kwenye pakiti, na akichelewa dakika ishirini bombani anaulizwa alisimama na nani. Kijana hajawahi kuulizwa swali hata moja. Siku za giza, usiku usio na mwezi, anaingia ziwani na wavuvi wa dagaa, asubuhi anarudi na elfu kumi, siku nyingine ishirini. Nikawa namwambia vizuri, jifunze kujitegemea. Hela inaishia wapi sikuuliza.

Aliporudi kuoga alinikuta nimekaa kitandani kwake na kile kinailoni mkononi. Niliyomwambia siyaandiki yote. Nilimwita mhuni, nikamwambia atatuletea UKIMWI humu ndani. Nilipaza sauti mpaka jirani akatoka nje. Hakunijibu neno. Nilipochoka ndipo nikamuuliza, kwa nini hukwenda zahanati? Akasema huku anaangalia sakafu, "Kule dukani hawaulizi." Akachukua koti lake la mvua, akaenda kulala kwenye mtumbwi wa rafiki yake siku mbili.

Amesharudi. Ni shikamoo baba, asante mama, basi. Nilipomweleza mke wangu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Binti ni wangu, nimekuwa naye. Huyo kijana alikuwa wako." Sikuwa na la kujibu.

Naombeni msaada kwa mambo mawili. Kwanza, naanzaje upya na mtoto ambaye nimeshamtukana? Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniambia lolote zaidi ya "angalia usije ukaniletea kesi." Maneno yenyewe sina. La pili ndilo zito. Yuko binti. Ana miaka 16, yuko kidato cha pili, anaishi na bibi yake mjane, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kijana hajamtaja, ni dada yake aliyemtaja kwa mama yake. Kama mwanangu anaumwa, yule mtoto je? Nikimwambia bibi, wajomba watamuumiza, na shule pengine ndiyo mwisho. Nikinyamaza nimemwacha mtoto wa watu na ugonjwa mwilini. Nifanyeje?

Mama Nansio:

Pole sana baba. Mimi ni mama wa wanne, nafanya biashara ya dagaa kutoka Ukerewe. Nianze na hilo la kuanza upya.

Usimkalishe sebuleni. Mtoto ukimwambia "njoo hapa kaa" anajua ni kesi. Mimi wangu wa kike nilimweza siku tunachambua dagaa, tumeinama wote, tunatoa mchanga na vijiti, kila mtu anaangalia ungo wake. Niliongea kuhusu mimi mwenyewe kwanza. Nilimwambia hivi.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha pili. Mama yangu alikuwa mkali, na mafundisho yake yalikuwa sentensi moja: "Ukinichezea utanitambua." Sikujua kucheza ni nini. Nilidhani ni rede, maana tulikuwa tunacheza na wavulana, nikaacha rede. Wakati huo huo kulikuwa na mtu mzima, mwenye duka, ananipa sabuni ya kuogea na mafuta ya kupaka. Sabuni ile ilikaa bafuni kwetu. Mama aliiona na akaoga nayo. Hakuuliza imetoka wapi, kwa sababu angeuliza angetakiwa anunue ya kwake, na hela hakuwa nayo. Nilipata mimba nina miaka 16. Hapo ndipo aliponiuliza, kwa fimbo.

Simlaumu mama yangu, alikuwa anatulea saba peke yake. Lakini mimi nilijiapia. Kila wiki kabla sijapeleka hela ya kikoba natoa kwanza pedi, sabuni na nauli ya shule. Nikiona kitu ndani ya nyumba ambacho sikukinunua nakiuliza siku hiyo hiyo. Mwaka jana niliona simu. Sikuuliza nani amekupa, maana angenidanganya jina. Niliuliza, "Aliyekupa hii anataka nini?" Alilia, tukairudisha pamoja, mimi na yeye, mpaka mlangoni kwa huyo mtu.

Na kuhusu shule ya huyo binti, watu wengi bado hawajui. Enzi zangu nilifukuzwa, hapakuwa na kurudi. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu aliyejifungua arudi katika shule ile ile ya kawaida, ndani ya miaka miwili. Sisemi ana mimba. Nasema hata kama ingekuwa hivyo, asiwepo mjomba wa kumwambia bibi kwamba shule imekwisha.

Baba K:

Fundi, mimi sikubaliani na mama hapo juu na naongea kwa uchungu. Ukikaa na kijana ukaanza kumweleza mambo ya kondomu umeshamruhusu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 19 tu, akawa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Walikuwa wanapendana, hata barua tulizikuta. Binti akapata mimba. Leo kijana yuko gereza la Butimba, amepewa miaka 30. Dada yangu anampelekea sabuni kila mwezi na amezeeka kabla ya siku zake. Sheria haiulizi kama binti alikubali. Chini ya miaka 18 hana kukubali, na akiwa mwanafunzi ndiyo kabisa. Wako ana 17, mwakani je? Mchape sasa hivi akiwa bado mikononi mwako. Viboko vya baba vinauma kuliko jela? Ningejua, yule mpwa wangu ningemchapa mimi mwenyewe.

Fundi wa Mwaloni:

Baba K pole sana kwa mpwa wako, na hilo la sheria nimelishika kwa mikono miwili. Ila kumchapa hapana. Nilipopaza sauti tu alienda kulala kwenye mtumbwi. Nikishika fimbo ataenda kambini visiwani na nitakuwa nimempoteza kabisa.

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa:

Fundi, nimekusoma mchana nikasema nikitoka zamu nitaandika vizuri. Mimi ni muuguzi, miaka 14 kazini, mingi vijijini.

Dawa kwanza, maana hiyo haisubiri. Rangi mbili haitamponya. Hayo maumivu yanaelekea kisonono au klamidia, na mara nyingi vyote viwili vinakuja pamoja. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, siku hizi tunatibu kwa sindano pamoja na vidonge vya aina nyingine. Ubaya wa rangi mbili ni kwamba maumivu yanaweza kupungua, akaamini amepona, kumbe bado anaambukiza. Mpeleke zahanati kesho. Apime na VVU. Sheria ilibadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 kwenda juu anapima bila kibali cha mzazi, zamani ilikuwa 18. Hata majibu yakiwa mazuri arudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane leo.

Binti sasa. Uko sahihi kumfikiria, na nimeona wazazi wachache sana wa mvulana wanaofika hapo. Wanawake wengi wenye magonjwa haya hawasikii chochote. Hawaumwi, wanaendelea na shule, na ugonjwa unapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi. Miaka kumi baadaye ndiyo tunamwona anazunguka kutafuta mtoto. Kwa hiyo lazima atibiwe. Lakini kwa bibi yake usiende. Siri hii ni ya watoto wale wawili, siyo yako wala ya bibi. Mwanao akiwa zahanati aombe karatasi ya kumwita mwenzi, na yeye mwenyewe ndiye ampelekee ujumbe. Binti akija ataonwa faraghani, atapimwa na mimba pia, na ataulizwa jambo ambalo wewe huwezi kuliuliza: kama alilazimishwa, na kama kuna mtu mwingine. Usidhani kwa haraka kwamba ugonjwa ulianzia kwa mwanao au kwa binti. Mara nyingi nyuma ya watoto wawili kuna mtu mzima. Akigundulika, hiyo ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure.

Baba K, pole. Lakini katika miaka yote hii sijakutana na mtoto aliyeanza kwa sababu baba yake alimweleza. Wanaokuja kwangu wamechelewa ni wale walioogopa nyumbani kuliko wanavyoogopa ugonjwa. Nikupe mfano mmoja. Mama alimleta binti wa miaka 14, jicho limevimba, akaniambia mbele ya foleni nzima, "Mpime huyu, ameanza umalaya." Binti alikuwa anakojoa damu, anawashwa na kuumwa tumbo la chini. Familia yao walilima mpunga, huyu mtoto alikuwa ndiye wa kusimama majarubani tangu ana miaka saba. Kilikuwa kichocho cha mkojo. Mayai yake yanakaa hata kwenye njia ya uzazi na dalili zinafanana na magonjwa ya zinaa. Dawa yake ni praziquantel. Yule mama nilipomweleza alikaa kwenye benchi ameshika kandambili ya mtoto wake, hakuivaa wala hakumpa, ameishika tu. Binti alikuwa ameshamwambia mara mbili kwamba anakojoa damu, na mara zote mbili alijibiwa kwa kofi.

Niseme na la shuleni, maana naona wengi tunadhani walimu watamaliza. Mimi mwenyewe nilisoma moja ya shule zilizokuwa kwenye mradi wa MEMA kwa Vijana, ule wa kufundisha afya ya uzazi ulioanza Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, darasa la tano mpaka la saba. Wenzetu walikuwa wanaigiza michezo mbele ya darasa, na mpaka leo nazikumbuka sauti zao. Nikiwa na miaka 12 nilijua VVU vinaambukizwaje kuliko mama yangu. Watafiti walipopima damu mwaka 2001 na 2002, na tena 2007 na 2008, walikuta wanafunzi wa maeneo yale wanajua zaidi, lakini VVU na malengelenge ya sehemu za siri havikupungua ukilinganisha na maeneo yasiyo na mradi. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Darasani niliambiwa nikatae. Nikirudi nyumbani daftari limeisha, hakuna wa kunifundisha namna ya kukataa anayeninunulia daftari, na neno lenyewe kwetu halitamkwi.

Dk. Joyce Wamoyi wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa hapa Mwanza amelitafiti jambo hili kwa miaka, amekaa na wazazi na vijana wa vijijini kwetu. Alichokikuta ndicho alichokieleza Fundi bila kujua: mzazi anaongea pale tu anapoona au kusikia kitu kibaya, anaongea kwa onyo na vitisho, na wa kuchungwa ni binti zaidi. Mvulana anaachiwa ajifunze mwenyewe. Na mzazi asiyeweza kumpa mtoto mahitaji anakosa hata ujasiri wa kumkataza. Sabuni ya Mama Nansio nimeiona kwenye kadi nyingi za kliniki.

Kitaifa tumesogea kidogo. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta wasichana 27 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshaanza uzazi, wa 2022 ukakuta 22. Bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano.

Na binti yako wa miaka 13, Fundi: muulizeni kama ameshachanjwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 walichanjwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja.

Fundi wa Mwaloni:

Wabeja sana dada. Nimesoma mara tatu. Swali dogo: niingie naye kwa daktari?

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa:

Msindikize mpaka kwenye benchi. Chumbani aingie peke yake. Akitoka usimuulize wamesemaje, muulize kama ana njaa.

Mzee wa Kisesa:

Nina miaka 71. Baba hakuzungumza haya na mwanawe enzi zetu, na halikuwa kosa, kwa sababu babu alikuwepo. Babu na mjukuu wana utani wao. Babu anamuuliza mjukuu jambo ambalo baba akiliuliza wote wawili wanataka ardhi iwameze. Kwa binti alikuwepo shangazi. Sasa babu yuko kijijini na mjukuu yuko Igombe, wanaonana Krismasi. Kama baba wa mke wako yupo, na ni mtu wa kusikiliza, mpeleke kijana akae naye likizo.

Lakini nisiwadanganye kwamba zamani ilikuwa nuru tupu. Tulikuwa na chagulaga. Binti anatoka ngomani au mnadani, vijana tunamzunguka, haondoki mpaka achague mmoja. Tukasema ni mila, na kwamba amechagua mwenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliozunguka, na ndivyo nilivyompata mke wangu. Binti yetu wa mwisho aliwahi kuniuliza, "Baba, mama alikuchagua au alichoka?" Sijamjibu mpaka leo, na mama yake ameshatangulia. Kwa hiyo kijana wako muulize na hilo: yule binti alitaka, au alichoka?

Kijana wa Kayenze:

Shikamooni wazee. Mimi nina miaka 22, niko chuo hapa mjini, nimekulia Kayenze. Naongea kwa niaba ya huyo mdogo wangu kwa sababu nimekaa kwenye mtumbwi kama wake.

Baba yangu ni mtu mwema na nampenda. Swali lake kwangu lilikuwa moja: umekuwa wa ngapi darasani? Mengine nilifundishwa na wavuvi. Usiku wa dagaa mko wanne, taa zimewashwa, mnasubiri masaa, na hakuna pa kwenda. Nilianza na miaka 15. Waliniambia kondomu ni ya malaya wa mjini. Waliniambia ukikojoa upesi baada ya tendo ugonjwa unatoka. Waliniambia mwanafunzi ni msafi, hana ugonjwa, hata usiogope. Mtu anakuambia hayo huku amekupa nusu ya mkate wake na usiku wa jana alikushika mkono mtumbwi ulipopigwa na wimbi. Unamwamini. Ungemwamini nani mwingine? Baba amelala.

Na niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na hela za ziwani, nikawa namnunulia binti mmoja chipsi mayai kila Jumamosi. Alikuwa anakula haraka sana, anamaliza, anakunja lile karatasi vizuri na kuliweka mfukoni. Nilikuwa naona ni mapenzi. Miaka mitatu baadaye tulikutana stendi ya Nyegezi, tukaongea kama watu wazima, akaniambia Jumamosi kwao hawakuwa wanapika. Lile karatasi alikuwa anampelekea mdogo wake, kulikuwa na chipsi nne tano amebakiza ndani. Hakuniambia kwa kunilaumu. Tangu siku hiyo, nikisikia watu wanasema mabinti wanapenda hela, natoka nje.

Fundi, usianze na ugonjwa. Anza kwa kumuuliza huyo binti anaitwa nani, na kama anampenda. Mimi ningeulizwa hivyo na baba ningesema kila kitu.

Fundi wa Mwaloni:

Ndugu zangu, nilisema nitarudi. Wiki tatu zimepita.

Jumapili ile nilikuwa na enjini ya farasi 15 ya mteja nimeifungua kabureta na kuirudisha, ilikuwa inatakiwa kujaribiwa majini. Nikamwambia kijana twende unishikie. Tukaenda mbele mpaka nyumba za Igombe zikawa ndogo, nikaizima enjini. Alidhani imezimika, akaanza kuikagua plagi. Nikamwambia iache. Alikuwa amenipa mgongo, ameshika plagi mkononi, mimi niko nyuma kwenye usukani. Nikasema, "Nilikutukana. Nilikosea." Wazee wenzangu mtanishangaa, lakini katika maisha yangu sikuwahi kumwambia mtoto maneno hayo, na yalikuwa mazito kutoka kuliko enjini.

Hakusema kitu. Basi nikamweleza yangu. Nikiwa na miaka 21 nilikuwa kambini, kisiwani. Niliumwa ugonjwa huo huo. Hapakuwa na zahanati. Kulikuwa na mtu anapita na mkoba, anachoma sindano kwa hela. Tulikuwa watano kwenye foleni siku ile na sindano ilikuwa moja, anaisuuza kwenye kikombe cha chai. Ni miaka 25 na sikuwahi kumwambia mtu. Nilioa nikiwa na hofu, nikapima baadaye kimyakimya, Mungu akanisaidia.

Akageuka. Akaniuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia hapana.

Ndipo nikamuuliza kama alivyonielekeza yule kijana wa Kayenze. Akataja jina lake. Akasema ndiyo, anampenda. Swali la Mzee wa Kisesa nalo nililiuliza. Alikaa nalo muda mrefu, mpaka maji yakawa yametusogeza pembeni. Alichojibu ni chake, sitakiandika. Na aliniuliza mengi, mengine sikuyajua, nikamwambia hayo utamuuliza nesi. Nilimweleza na kuhusu umri na sheria, nikamtajia miaka 30. Hakuwa anajua kabisa.

Jumatatu tulienda. Nilikaa kwenye benchi. Alichomwa sindano, akapewa vidonge, akapima, na tutarudi baada ya miezi mitatu. Alipotoka nilimuuliza kama ana njaa. Tulikula wali na sato kwa mama lishe pale nje, akamaliza sahani mbili. Siku tatu baadaye maumivu yakawa yamekwisha.

Binti alikwenda Ijumaa akitoka shule. Kilichosemwa chumbani kule sikijui na sikuuliza. Mke wangu ameanza kumpitia yule bibi jioni, anampelekea kisado cha dagaa, wanakaa wanaongea. Hajamwambia neno juu ya hili. Anasema siku ya kwanza alikuta wamewasha moto lakini hakuna kilichokuwa jikoni.

Usiku ule wa Jumapili nilimweleza mke wangu habari ya ile sindano. Alilia, akanikasirikia siku mbili, ni haki yake. Binti yetu tulipomuuliza chanjo akasema ameshachanjwa shuleni, hakuna aliyemuuliza ndiyo maana hakusema.

Giza limeanza tena. Nilimwambia kijana ziwani asiende mpaka mitihani, akaniomba usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, nikakubali. Mlango wake bado unaangalia njia. Jana usiku alipotoka alizunguka mpaka dirishani kwetu, akagonga bati mara mbili, akasema, "Baba, natoka. Nitarudi saa kumi na mbili."